Nilivyotengwa Buhongwa

Kufuli la geti nililikuta limefungwa vilevile nilivyoliacha asubuhi. Nikafungua, nikaita, "Baba!" Nikaingia chumbani kwake: kitanda kimetandikwa, redio inaongea peke yake. Nikaenda jikoni, nikachungulia chooni, nikarudi tena chumbani kana kwamba mzee wa miaka sabini na minane anaweza kujificha nyuma ya pazia. Baba hakuwemo.

Jibu nililipata uani. Nyumba yangu ilikuwa na ukuta pande tatu. Upande wa nne kulikuwa na jabali, maana Mwanza mtu hajengi ukuta mahali ambapo Mungu ameshamjengea. Mwenye nyumba aliniapia kwamba pale hata mbuzi hapandi. Sasa juu ya lile jabali, kwenye ufa, ilikuwa imekwama ndala moja ya baba.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, mwezi wangu wa sita na wa mwisho Tanzania. Na mimi ndiye niliyemfungia. Nalisema mapema lisije likaonekana nalificha: nilimfungia baba yangu mzazi kwa kufuli la nje, siku tisa mfululizo, kwa sababu ya hasira zangu. Ngoja nieleze tulifikaje hapo.

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi. Mwanamke, ndiyo. Kama unashangaa, shangaa umalize, tuendelee. Kwetu ni Voi, Kenya. Kiwanda kimoja cha minofu ya samaki kando ya ziwa kilinunua mitambo mipya ya kugandisha, na kampuni yangu ikanituma niifunge na kuwafundisha vijana wa pale kwa miezi sita. Kwenye karatasi za kibali nikaandikwa "mtaalamu wa kigeni". Lo! Nilivyolipenda hilo neno! Nilikuwa nimewaona wataalamu wa kigeni kwetu: wana nyumba yenye bustani, wana mtu wa kuwafungulia geti, wanakunywa kahawa saa nne huku wakilalamikia joto. Nikajua na zamu yangu imefika. Sikuwaza kwamba mgeni wa kutoka nchi jirani, mweusi kama wenyeji, tena anayeongea Kiswahili, hakuna atakayemfungulia geti. Nilipewa nyumba ya vyumba vitatu Buhongwa, ndani kidogo kutoka barabara ya Shinyanga, yenye maji mara tatu kwa wiki na jogoo wa jirani asiyejua saa. Geti nilifungua mwenyewe.

Baba nilikuja naye kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Mama alishatangulia. Kaka zangu wana wake, na wake zao wana sababu. Baba alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa zaidi ya miaka thelathini, wanafunzi mia nne, mara tatu kwa siku, na mikono yake hadi leo ni mipana kama koleo. Lakini kichwa kilikuwa kinamtoka. Alianza kusahau majina, zikafuata siku, halafu njia ya kurudi nyumbani. Kuna asubuhi aliniita mwalimu, akaniuliza leo watoto wanakula nini. Daktari kule kwetu aliniambia ugonjwa huu haurudi nyuma, na akanionya: "Usimwache peke yake. Siku atakapotoka bila mtu, huenda usimpate." Agizo hilo ndilo nililovuka nalo mpaka, na ndilo lililonilaza jicho moja wazi miezi yote ile.

Bahati nzuri nyumba ya pili alikaa mama mmoja mjane, muuza michembe, mwanamke mpole mwenye kicheko cha chinichini. Nilipomweleza shida yangu hakusubiri nimalize. "Baba yako ni baba yangu," akasema. Basi kila asubuhi saa moja nilimkabidhi mzee, na kila jioni nikamchukua ameshiba, ametulia, ananukia moshi. Nilidhani mama jirani anapikia kuni. Sikuuliza zaidi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kuchekwa. Mara ya kwanza mama jirani aliponipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, nilidhani ni magome ya dawa. Nikamshukuru, nikamuuliza nichemshe vipande vingapi kwa siku. Alicheka mpaka akakaa chini. Kazini nako vijana walinibatiza Haraka. Kwetu mtu akikusalimu unajibu, unapita. Huku salamu ni ajira. Mtambo unalia, gesi inavuja, mimi nimelala chali chini ya kompresa nasema, "Spana ya kumi na tatu, upesi!" na kijana anachuchumaa pembeni yangu taratibu: "Dada, shikamoo. Umeamkaje? Mzee ameamkaje? Magoti yake vipi leo?" Mpaka nijibu yote ndipo spana inakuja. Mwezi wa kwanza nilipiga kelele. Wa pili nikajifunza kusalimu nikiwa bado mlangoni, ili nikifika kwenye mtambo tuwe tumeshamaliza.

Jambo moja tu lilinishinda: misiba.

Mtaa ule una kikundi cha kufa na kuzikana, na kila nyumba imo, upende usipende. Mtu akifa, kazi zinasimama. Wanaume wanachimba kaburi na kupasua kuni, wanawake wanachota maji na kusonga ugali, na asiye na kazi anakaa. Kukaa kwenyewe ndiyo kazi. Unakaa kwenye mkeka kuanzia asubuhi hadi jioni, na kesho unarudi. Mwezi wa pili alifariki mzee mmoja mtaa wa juu. Nikatuma rambirambi kwa simu na ujumbe mzuri kabisa: "Poleni sana, kazi imenibana." Mwezi wa tatu akafariki mwingine, nikatuma tena, na ujumbe uleule, niliunakili tu. Nilijiona mstaarabu. Mama jirani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, simu haikai kwenye mkeka." Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Kwani huku watu wanakufa kila siku? Mnafanya kazi saa ngapi?" Akajitwika michembe yake akaondoka. Tangu siku hiyo hakunisimulia mahali anakoshinda na baba.

Halafu akafariki mama mzazi wa mwenyekiti wa kikundi. Huyu mwenyekiti ni bwana mmoja mrefu, mwenye mashine ya kusaga nafaka, ambaye siku zote ana unga kwenye nyusi. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo nilikuwa na mapumziko, ya kwanza baada ya wiki tatu. Tangi langu la maji lilikuwa linavuja. Nikatuma rambirambi, nikamkabidhi mzee kwa mama jirani kama kawaida, nikapanda juu ya bati na nyundo.

Sikujua njia ya makaburini inapita chini ya nyumba yangu. Jeneza la mama wa mwenyekiti linapita chini, na mimi juu: pa! pa! pa! Nilipogeuka nikaona mtaa mzima uko barabarani, wamejifunga khanga viunoni, wamebeba misalaba na majembe. Nikavua kofia, nikasimama palepale juu ya bati na nyundo mkononi. Hakuna aliyenitukana. Hakuna hata aliyeinua macho, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Siku tano baadaye, jioni, mwenyekiti alikuja na watu wanne. Nikawakaribisha, wakakataa kuingia. Mama jirani alikuwa nyuma yao, anatazama miguu yake.

"Dada," mwenyekiti akasema, "hatukuchukii. Lakini mtu asiyetuzika hatuna namna ya kumjua. Kuanzia leo sisi hatukujui."

Akanieleza masharti bila kupandisha sauti. Hakuna atakayenisalimu wala kuitikia salamu yangu. Dukani sitauziwa. Hakuna atakayekanyaga uwanja wangu. Na nikipiga mwano, ule ukelele wa hatari ambao Usukumani kila anayeusikia lazima aache alichoshika akimbie, hakuna atakayesikia. Kama nataka kurudi kundini, niende kwa wafiwa, nipige magoti mbele ya watu wote, niombe radhi kwa mdomo wangu, kisha nilete mbuzi tumle pamoja.

Mtu mwenye akili angepiga magoti palepale. Mimi damu ikanichemka. Mimi? Mtaalamu? Nimetoa rambirambi mara tatu! "Nimebakiza wiki tatu niondoke," nikasema. "Nitavumilia. Na baba yangu naye asiguswe na mtu!"

Mwenyekiti akafungua mdomo, akamtazama mama jirani, akaufunga. "Umesema wewe," akajibu, wakaondoka.

Kutengwa, jamani, kusikieni kwa wengine. Nilipita asubuhi nikiwaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" kwa sauti ya redio, na watu wakatazama ziwani, ingawa kutoka pale ziwa halionekani. Mwenye duka akiniona alianza kufagia. Vitunguu nilivifuata sokoni Kirumba, safari ya kuvuka mji mzima kwa ajili ya vitunguu vitatu. Vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu walikuwa na safari nyingine kila nilipofika. Hata yule jogoo aliacha kuja kwangu, nadhani alielezwa.

Na mzee sasa akae na nani? Kiwandani tulikuwa tunawasha mitambo, siku moja nisipoenda samaki wanaoza. Nikanunua kufuli. Asubuhi ya kwanza baba alinifuata mpaka getini, amevaa kofia yake, tayari kutoka. Nikamshika mabega nikamrudisha ndani. "Leo unapumzika, baba," nikamwambia, nikafunga, nikasikia anasukuma geti taratibu, halafu kwa nguvu. Jioni aliniuliza, "Sufuria zimekwenda wapi?" Kesho yake akauliza tena. Nikaona ni ugonjwa unaongea. Siku ya tano aliacha kusukuma geti, na mimi, mjinga, nikafikiri amezoea.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye ile ndala.

Nilipanda jabali kwa mikono na magoti, nikaishika. Upande wa pili kuna vichaka na vijia viwili, kimoja kinashuka barabara kuu yenye malori, kingine kinaelekea upande wa ziwani. Nilipiga kelele "Baba!" kuelekea kila kijia. Nikashuka nikakimbilia dukani. "Mmemwona baba yangu?" Mwenye duka alishika ufagio. Alifagia mahali palepale, tena na tena. Nikamkimbilia fundi wa pancha. Akaongeza sauti ya redio. Nikasimama katikati ya njia, nikapiga mwano kwa jinsi nilivyowahi kuusikia, vibaya, sauti inakatika. Mlango mmoja ukafunguka kidogo, ukafungwa. Hakuna aliyekuja.

Nikakimbia mpaka barabarani, nikampata mwendesha pikipiki asiyenijua, nikamwambia ziwani. Kwa nini ziwani? Kwa sababu ndicho nilichokuwa nakiogopa kuliko vyote. Baba hajui kuogelea, na maji kule yana matete na matope ya kumeza mtu. Tulipofika ufukweni nikaona watu wamekusanyika wamezunguka kitu kilicholala mchangani. Nilitembea kuelekea pale kama mtu anayetembea ndani ya maji, nikasukuma watu, nikatazama. Alikuwa sangara. Sangara mkubwa kuliko mimi, na watu wanampiga picha. Nilicheka kicheko cha ajabu, nikakaa chini, nikatapika. Wavuvi wakaniuliza, "Dada, samaki amekukosea nini?" Nikawaambia namtafuta mzee mwenye ndala moja. Hawakuwa wamemwona, lakini walinijibu, na kule kujibiwa tu kulinitoa machozi.

Njiani kurudi nilijiambia ukweli. Mji huu siujui. Peke yangu sitampata. Jua lilikuwa limeshainama, na usiku ukiingia baba yuko nje bila koti, anatafuta njia ya kwenda Voi, habari itakuwa imekwisha. Kiburi si kitu cha kumzikia mzazi. Nikamwambia dereva anishushe kwenye mashine ya kusaga.

Mashine ilikuwa inanguruma. Mwanamke mmoja alikuwa kwenye foleni na ndoo yake ya mahindi. Mwenyekiti aliponiona aligeuka akaendelea kumimina. Nikapiga magoti kwenye unga.

Hakusema nami. Alimwambia yule mwanamke, "Muulize huyu ana shida gani."

"Baba yangu amepotea!" nikapiga kelele juu ya mashine.

Akazima mashine. "Muulize, mzee ametoka saa ngapi."

"Sijui. Nimerudi saa tisa, hayupo."

"Muulize, nani alikuwa naye."

"Hakuna mtu," nikasema. "Nilimfungia ndani. Siku tisa."

Yule mwanamke akaacha ndoo yake ikaanguka, mahindi yakamwagika sakafuni, wala hakuyatazama. Mwenyekiti alikuwa ananitazama mimi sasa, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu siku ile. "Mpishi?" akasema. Hakumwambia mwanamke wala mimi. "Mpishi wetu ndiye aliyefungiwa? Sisi tulidhani anaumwa!"

Mpishi wao?

"Nisameheni," nikaanza, "nilikosa, mama yako nilim..."

"Mwambie hayo yana siku yake," akanikatiza kupitia kwa yule mwanamke. "Mwambie asimame. Mtu aliyempikia mama yangu wali wa matanga amepotea, na yeye anachafua magoti hapa!"

Akatoka nje, akaweka viganja mdomoni, akapiga mwano. Mimi nilikuwa nimepiga kikohozi. Huu ulikuwa mwano. Ulipanda, ukakatika, ukapanda tena, na kabla haujaisha nyumba ya tatu wameuitikia, na ya kumi, na kule ng'ambo ya barabara. Watu walitoka na walichoshika: mmoja na mwiko, mwingine na povu la kunyolea usoni, fundi wa pancha na tairi shingoni. Mwenye duka alikuja na ufagio. "Mpishi!" wanaambiana. "Ni Mpishi!"

Ndipo nikajua. Mama jirani alisimama mbele ya mwenyekiti na kumsimulia yeye, kwa sauti kubwa ili nisikie mimi, maana bado nilikuwa nimetengwa na sheria ni sheria. Baba yangu alikuwa hakosi msiba. Tangu ule wa kwanza, mama jirani alipokwenda kusaidia na kumchukua mzee kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia, baba aliona yale masufuria makubwa juu ya mafiga, akakunja mikono ya shati. Haulizi nani amekufa. Haelewi yuko nchi gani. Lakini anajua maji ya wali wa watu mia tatu kwa kutazama tu, anajua kuni ipi itolewe, na hajawahi kuunguza. Wenye misiba wa mitaa ya jirani walikuwa wanakuja kumwazima. Wakati mimi niko juu ya bati nagonga, baba yangu alikuwa nyumba ya msiba anawapikia waombolezaji.

"Ndiyo maana siku ile nilitaka kusema," mwenyekiti akauambia upepo. "Tulimtenga mmoja tu nyumba ile. Mwenyewe akasema mzee asiguswe."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Kama kuna mtu hapa ana picha ya mzee," akaendelea, bado na upepo, "aitoe." Nikatoa simu. Ikapita mkono kwa mkono. "Na kama kuna mtu hapa hana viatu, avae." Nikatazama chini. Kiatu kimoja kilibaki ziwani.

Walijigawa haraka kuliko mafundi wangu walivyowahi kujigawa. Hawa barabarani, wale kwenye vichaka, wengine stendi. Mama jirani ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi, mtoto wake wa kumzaa, nisingeliwaza. "Leo kilio kiko wapi?" akasema. "Mzee akiona moshi mkubwa, miguu inampeleka."

Mtaani kwetu hakikuwepo. Lakini kijana mmoja wa bodaboda akasema mchana palisimama lori la Fuso barabarani, la waombolezaji, linaelekea kijiji kimoja upande wa Misungwi. Lilisimama kupakia vyombo.

"Vyombo gani?" mwenyekiti akauliza.

"Sufuria."

"Sufuria!" walisema watu watatu kwa pamoja.

Simu za kule zilikuwa hazipokelewi; watu wako makaburini. Pikipiki tatu zikawashwa, mwenyekiti akapanda ya mbele. Yule kijana ambaye siku tisa alikuwa na safari nyingine alikiambia kioo chake, "Anayetaka kupanda apande." Nikapanda. Mama jirani akapanda nyuma yangu, akanishika kiuno kwa mikono yote miwili. Nilihisi moyo wake unapiga mgongoni kwangu, au ulikuwa wangu.

Barabara ile niliichukia. Kila gunia la mkaa lililolala pembeni lilikuwa baba. Kila mzee anayetembea na fimbo alikuwa baba mpaka tumpite. Nilikuwa namwahidi Mungu mambo ambayo hata sasa sijayamaliza kuyatimiza. Na nilikuwa na hofu ya pili, ndogo na mbaya: kama hayuko kule, hakuna tena pa kwenda, na itabidi nigeuke nimtazame mama jirani usoni.

Tuliuona moshi kabla ya kijiji. Turubai la bluu, watu wengi wamekaa kwenye mikeka chini, na nyuma ya nyumba mafiga manne yanawaka. Pale katikati ya moshi, mguu mmoja una ndala na mwingine mtupu, kofia imerudishwa nyuma, alisimama baba yangu na mwiko mrefu kama kasia. Alikuwa anawagombeza wanawake wasiomjua kwa Kiswahili cha Voi. "Toeni kuni hiyo! Nani amekufundisha kuchochea wali? Mnataka watoto wale makaa?" Na wanawake wanatoa kuni, wanacheka.

Mwenyekiti aliketi palepale chini akajifuta uso kwa mikono yote miwili. Mimi nilienda mbio, halafu nikapunguza, halafu nikafika mbele yake nikasimama. Sikumkumbatia. Kwetu baba hakumbatiwi ovyo, na mikono yake ilikuwa kazini.

"Baba," nikasema.

Akageuka. Alinitazama kwa muda, kwa heshima nyingi, kuanzia kichwani hadi kwenye mguu wangu usio na kiatu. Macho yake yalikuwa mapole na hayakunijua kabisa.

"Pole, binti," akasema. "Umetoka mbali?"

"Buhongwa."

"Pole sana. Unaonekana umekimbia." Akampa mwanamke mmoja mwiko, akafuta mikono kwenye suruali, akaninyooshea mkono kama wanavyofanya kwa wafiwa. "Marehemu alikuwa nani wako?"

Nyuma yangu mama jirani alivuta pumzi. Kulikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningeweza kumwambia marehemu simjui, kwamba katika miezi sita sijamzika mtu. Ningeweza kumwambia mimi ni nani, na angetikisa kichwa kwa adabu, kisha asahau kabla maji hayajakauka kwenye wali.

"Baba yangu," nikasema.

"Aa! Pole mwanangu, pole sana. Baba si mtu mdogo." Akageukia watu. "Mpisheni huyu akae! Amefiwa na baba yake."

Wanawake wakasogea, wakanipa nafasi kwenye mkeka. Nikakaa. Ndipo nikalia, kwa sauti, kama wanavyolia wao, na mwanamke nisiyemjua, ambaye nilikuja kuambiwa ndiye mjane wa marehemu mwenyewe, akanilaza kichwa begani kwake na kunibembeleza. Mwenyekiti akaja akakaa mkeka wa wanaume, ng'ambo kidogo. "Dada," akaniita, mimi, kwa mdomo wake, "lia. Hakuna anayekukimbiza."

Baba akaja na sahani ya wali, amenifunikia kwa sahani nyingine isiingie vumbi.

"Kula kwanza," akasema. "Mtu halii vizuri na njaa. Halafu uniambie, baba yako alikuwa mtu wa namna gani."

Nikala. Haukuwa umeungua hata punje moja.

"Alikuwa mpishi," nikamwambia.

"Ehe," akasema baba, akavuta kigoda akakaa karibu yangu apate kusikia vizuri.